Nibebe nini kazini kisichochacha na kisichoninenepesha?

Swali: Shikamoo dokta. Nina miaka 31, nauza duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo na naishi Chanika. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mchana nakula saa saba, narudi saa mbili usiku. Nina kilo 86 na urefu wa sentimita 160, sina ugonjwa wowote ninaoujua. Zamani nilikuwa nabeba wali wa nazi uliobaki usiku, lakini umeniumiza tumbo vibaya, nikaacha. Kwa mama lishe naogopa mafuta. Sasa hivi nabeba pakiti ya korosho, tende na juisi ya boksi. Ni chakula kidogo kabisa lakini uzito haushuki, tena naona unapanda. Dukani hakuna friji wala jiko, kuna birika la umeme tu. Nyumbani pia friji sina. Nibebe nini? Na je, karanga na korosho niache kabisa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa tumbo, na pole kwa kujinyima bila kuona faida. Nakuamini unaposema unakula kidogo. Tatizo ni kwamba macho yanapima ukubwa wa chakula, mwili unapima kitu kingine.

Tuhesabu hicho chakula chako. Pakiti ya korosho ya gramu 100 ina takriban kalori 550. Tende 10 za kawaida zinapita 200. Juisi ya boksi ya mililita 250 inaongeza kama 110, na karibu zote ni sukari. Hapo unakaribia kalori 900. Sahani ya ugali na maharage ya kwa mama lishe uliyoikimbia, kwa makadirio yangu, ni kati ya 650 na 800 kama maharage hayakuungwa kwa mafuta mengi. Yaani umeacha chakula kikubwa ukashika kizito zaidi, kwa sababu tu kinaenea kiganjani. Na kwa kuwa tumbo halijajaa, saa mbili usiku ukifika Chanika njaa inakuwa imeshakushinda.

Ninaposema kalori nazungumzia zile zinazoandikwa kwenye pakiti kwa herufi kcal. Ukikuta pakiti imeandika kJ peke yake, gawanya kwa 4.2. Kisha angalia kama hesabu ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Chanzo cha yote haya ni maji. Vijidudu vinavyoharibisha chakula vinahitaji maji ili vizaliane. Ukiyaondoa, chakula kinakaa miezi. Ndiyo maana dagaa wanaanikwa, mihogo inaanikwa, na Wasukuma wana michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vyote hivyo vinavuka kiangazi bila friji. Lakini maji hayohayo ndiyo yanayokifanya chakula kiwe chepesi: yana uzito, yanajaza tumbo, na hayana kalori hata moja. Kiazi kitamu cha kuchemsha kina kalori kama 80 kwa gramu 100. Kikishakauka kuwa tobolwa, gramu 100 zinapita 300.

Kwa hiyo unachokitafuta ni vitu viwili vinavyovutana. Karibu kila kisichohitaji friji ni kikavu, na kikavu kina nguvu nyingi kwenye kipimo kidogo. Mtu anayeingia dukani na kuchukua tu kinachokaa, atatoka na biskuti, korosho, tende, kashata na ubuyu wa sukari, halafu atashangaa mizani.

Njia ninayowapa watu wanaofanya kazi kama yako ni moja. Beba kikavu kidogo ambacho umekipima nyumbani, hasa chenye protini, kisha kisindikize na vitu vyenye maji mengi ambavyo bado vimo ndani ya ganda lao: tango, nyanya, karoti, chungwa, chenza, ndizi. Hivi vya pili vina maji tele na bado vinavumilia siku nzima ya joto la Dar, kwa sababu ganda lao ni kinga. Vinaanza kuharibika kisu kikishapita. Basi kisu kipite saa saba, dukani, siyo saa kumi na moja alfajiri nyumbani. Nunua kisu kidogo chenye ala, kikae kwenye mkoba.

Kabla sijakwenda kwenye vyakula vyenyewe, niseme juu ya ule wali, maana najua siku moja ukichelewa kuamka utashawishika kuubeba tena.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60, na Dar es Salaam mchana wa Januari au Februari tuko nyuzi 30 na zaidi, ndani ya mkoba kwenye daladala joto linazidi. Wali wako umepikwa saa tatu usiku, unaliwa saa saba mchana. Hizo ni saa 16. Wali una hatari yake ya peke yake: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake haziuliwi na kuchemka kwa kawaida. Wali ukipoa taratibu ndani ya sufuria, mbegu zile zinaamka, bakteria wanazaliana, na baadhi yao wanatoa sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Ndiyo maana kuupasha asubuhi mpaka utoe moshi hakukukuokoa. Tui la nazi nalo linachacha haraka, ila hata wali mweupe mkavu ungekufanyia vilevile. Kwa mtu asiye na friji, wali wa jana usiwe chakula cha safari. Upikwe unaotosha usiku uleule.

Sasa twende kwenye chakula. Wa kwanza ni dagaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona kitu kinachokufaa kuliko hiki.

Gramu 25 za dagaa wakavu wa Mwanza zina kalori kama 80 tu, na protini isiyopungua gramu 12, karibu sawa na mayai mawili. Unawala na mifupa yao, kwa hiyo unapata na kalsiamu. Ni wakavu tayari, hawahitaji friji. Kasoro inakuja kwenye upikaji: tumezoea kuwakaanga kwenye mafuta mengi, na dagaa mdogo mkavu anafyonza mafuta sana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Vijiko vitatu vikizama humo, faida yote imekwisha.

Fanya hivi Jumapili. Chambua dagaa wako, toa vichwa na uchafu kama hupendi uchungu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, kwa kuwatoa juu kwa mkono ili mchanga ubaki chini. Usiwamwage pamoja na maji, mchanga utarudi nao. Watandaze kwenye ungo juani mpaka wakauke tena kabisa. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, bila tone la mafuta, uwamwage kidogo kidogo na kuwageuza kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni watatoa mvuke, halafu harufu itabadilika, watakuwa na rangi ya dhahabu kwenye mgongo. Mchukue mmoja, mwache apoe, mvunje. Akipinda, bado ana maji, endelea. Akikatika kwa mlio, ameiva. Nyunyizia pilipili manga au ya unga, epua, waache wapoe kabisa kwenye sinia ndipo uwatie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Ukiwafungia wakiwa na moto, mvuke wao wenyewe utawalainisha na watapata ukungu. Wakikaushwa vizuri wiki nzima hawana neno. Ndimu usiitie sasa, ndimu inakwenda nzima ukaikamulie dukani.

Angalizo kwa wanaopenda dagaa wa Unguja: wengi wao huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ni watamu, lakini chumvi yake ni nyingi, na kwa siku nzima mtu mzima anatakiwa asifikishe gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai. Walowekwe kwanza na maji yamwagwe, na mwenye presha achague wa maji baridi.

Chakula chenyewe basi: dagaa wako gramu 25, vipande viwili vya mkate, hasa wa brauni, tango zima, nyanya mbili, kipande cha kitunguu, ndimu, pilipili ukipenda, na chungwa. Unakata kachumbari yako palepale kwenye bakuli, unakamua ndimu, unamwaga dagaa juu dakika ya mwisho ili wasilowe. Jumla haifiki kalori 400, na umekula zaidi ya nusu kilo ya chakula. Linganisha na ile pakiti ya korosho. Utashiba, na utashiba kwa muda, kwa sababu ya protini na kwa sababu ya kutafuna.

Siku nyingine badala ya dagaa fungua samaki wa kopo. Chagua kopo dogo unaloweza kulimaliza, maana likishafunguliwa siyo tena chakula cha kukaa, na wewe huna pa kuliweka. Jodari aliyehifadhiwa kwenye maji ana kalori kama 110 kwa gramu 100 akishachujwa, aliyehifadhiwa kwenye mafuta anakaribia 200 hata ukimwaga mafuta. Wale wa mchuzi wa nyanya wako katikati, na mchuzi ule unachovya mkate vizuri. Kopo lililovimba, lenye kutu au lililobonyea kwenye maungio, liache dukani hata kama limepunguzwa bei. Kopo moja dogo la jodari wa maji, vipande viwili vya mkate, karoti mbili na ndizi moja ni kalori 430 hivi.

Birika lenu la umeme nalo ni mali. Ukiwa na oti kavu gramu 40 kwenye kikopo, yaani kama vijiko vinne vikubwa vya kujaa, kijiko kikubwa kimoja na nusu cha maziwa ya unga na mdalasini, unamimina maji yaliyochemka, unafunika dakika tano, unakatia ndizi juu. Hapo una kalori 320 hadi 330. Ukitupia kijiko kikubwa cha karanga unafika 380 au karibu na 400. Sukari usiweke, ndizi iliyoiva inatosha. Maziwa ya unga yana faida yake hapa: yanabaki makavu mpaka dakika ya kula. Maziwa ya boksi yasiyohitaji friji pia yanafaa, alimradi ununue boksi dogo la kumaliza kwa mara moja. Mtindi uache, huo unataka ubaridi.

Kwa birika hilohilo unaweza kujitengenezea supu ya kikombe siku za mvua. Dagaa waliokaangwa bila mafuta, nyanya moja iliyokatwa vidogo, kitunguu, kijiko cha unga wa majani ya mlonge, maji yanayochemka, funika kidogo, kamulia ndimu. Haina hata kalori 120. Iteremshe na mkate.

Wengi wataniuliza juu ya themosi. Ndiyo, chupa ya chuma yenye mdomo mpana inayotunza joto inafaa sana, ila ina masharti. Chakula kiingie kinachemka, na chupa yenyewe iwe imeshajazwa maji yanayochemka dakika tano kabla, kisha yamwagwe. Ukiifungua saa saba chakula lazima kitoe mvuke, kiwe cha moto kiasi cha kukipuliza kabla ya kula. Kikiwa vuguvugu tu, joto limeshuka chini ya 60 na chupa hiyo haikufai. Ijaribu kwanza kwa maji matupu siku ya mapumziko. Hotpoti nyingi za plastiki hazifiki muda huo wote, zimetengenezwa kwa ajili ya meza, siyo kwa safari ya alfajiri mpaka mchana.

Kwa kuwa huna friji nyumbani, usiweke humo maharage ya jana usiku. Weka choroko. Ziloweke usiku, alfajiri zimwage maji, uzichemshe upya wakati unaoga na kujiandaa. Zikishalowekwa haziendi mbali, nusu saa hivi zinakuwa laini. Ziunge kwa nyanya, kitunguu na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, ambacho ni kalori 40. Vikombe viwili vya chai vya choroko pamoja na mchuzi wake, kipande cha mkate na chungwa vinakuweka kwenye 430 hivi. Sitegemei ufanye hivi kila siku kwa ratiba yako. Mara moja kwa wiki inatosha kukubadilishia ladha.

Na nikutahadharishe na ushauri unaozunguka siku hizi wa kumwaga maharage mabichi kwenye themosi na maji ya moto ili "yaive yenyewe" mpaka mchana. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10. Joto la ndani ya themosi liko chini ya kuchemka, halifikii hapo. Yanaweza kulainika na bado yakakutapisha. Ukitaka maharage bila kupika, yapo ya kopo, hayo yameshapikwa. Yasuuze chumvi kwa maji safi.

Sasa mama lishe. Mimi sikubaliani na kumkimbia kabisa. Chakula chake kimepikwa asubuhi ileile, kiko jikoni kinatokota, na kwa usalama kinauzidi wali wa kwenye mkoba mbali sana. Wewe ni mteja, sema unachotaka: "Mama, nipunguzie wali, niwekee nusu, niongezee mchicha na maharage, mchuzi wa juu usinimwagie." Mafuta huelea, na upawa wa juu ndio unaobeba mengi. Siku moja au mbili kwa wiki nunua kwake maharage na mboga za moto tu, ukale na mkate, tango na chungwa ulivyobeba. Utapata mboga za majani zilizopikwa, ambazo kusema kweli ndizo zinazokosekana kwenye chakula cha kubeba. Utakachokwepa kwake ni chipsi mayai. Sahani moja inaweza kupita kalori 800, na nyingi zinatoka kwenye mafuta.

Mayai ya kuchemsha umesahau kuniuliza, ila nayasema kwa sababu kila mtu huyabeba. Yai bichi linakaa nje ya friji bila shida kwa siku nyingi, ila likishachemshwa linapoteza kinga yake ya juu na linarudi kwenye sheria ya saa mbili, hata likiwa na ganda. Kwa hiyo ulile saa kumi na moja alfajiri, kabla hujatoka: mayai mawili na kiazi kitamu cha kuchemsha badala ya chapati mbili na chai ya sukari. Chapati moja ya mtaani inaweza kuwa na kalori 250 hadi 300, na mbili zinakaribia mlo mzima. Ukianza siku na protini, saa nne hutatafuta maandazi.

Karanga na korosho usiziache. Zina mafuta mazuri, zina protini, na hakuna kitu rahisi kubeba kuliko hizo. Ulichokosea ni kubeba pakiti. Gramu 30 za karanga ni kalori 170, za korosho ni 165, na hicho ndicho kipimo cha siku, siyo cha saa. Mwombe mwenye duka la mtaani kwenu akupimie mara moja gramu 30 za karanga kwenye mizani, kisha umimine kwenye kikombe kidogo cha kahawa uone zinafika wapi. Weka alama. Kuanzia hapo pima kwa kikombe hicho nyumbani, funga kwenye karatasi, na pakiti ibaki kabatini. Mfanyie vivyo hivyo dagaa kwa gramu 25. Nunua karanga zenye ganda lake la ndani, zilizokaangwa bila mafuta, na utazichambua moja moja, jambo linalopunguza mwendo wa mkono.

Kuhusu karanga kuna jambo zito zaidi ya unene, nalo ni sumukuvu. Fangasi wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumu inayoshambulia ini. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua watu hapa kwetu Dodoma na Manyara. Kuoka au kuchemsha hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, au yenye uchungu mdomoni, iteme na uitupe, na ukikuta nyingi za namna hiyo usiendelee kuokoa zilizobaki. Usinunue karanga zilizovunjwavunjwa za bei ya kutupa.

Tende si mbaya, mbili tatu baada ya chakula zina kalori kama 60. Parachichi pia linakaa bila friji na lina mafuta mazuri, ila maparachichi yetu makubwa yana nyama ya gramu 300, hizo ni kalori 480. Kula robo, mpe mwenzako wa dukani linalobaki. Papai na tikiti vilivyokatwa na kufungwa kwenye nailoni barabarani viache, hujui kisu kilipita saa ngapi wala kilioshwa kwa maji gani.

Kinywaji chako kiwe maji, au chai ya rangi na tangawizi bila sukari kutoka kwenye birika. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 na kalori 140, na haitakupunguzia njaa hata kidogo. Hiyo juisi ya boksi iko kundi moja nayo. Kula chungwa lenyewe: kalori 60, na unapata nyuzinyuzi zake.

Utegemee nini? Ukitoka kwenye 900 ukashuka kwenye 450 mchana, siku sita za kazi, umeokoa kalori 2,700 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili inahesabiwa kuwa kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo tegemea theluthi ya kilo kwa wiki mwanzoni, na mwendo utapungua kadiri unavyopungua wewe. Najua mitandaoni wanaahidi kilo tano kwa siku saba. Hizo ni maji, na zinarudi. Theluthi ya kilo, ukiishika mpaka mwisho wa mwaka, gauni zitakuambia. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ileile. Ila hesabu hii inasimama tu kama cha usiku hakitaongezeka kufidia, ndiyo maana nimesisitiza kushiba mchana. Usishuke chini ya kalori 400 kwenye mlo huu, ukihesabu pamoja na karanga au tende zako, kwa siku ndefu kama yako, ukiwa umesimama kutwa. Na ukipata mimba, ukiwa unanyonyesha, au ukigundulika na kisukari na kuanza dawa, usiendelee na mpango huu kabla ya kuonana na mhudumu wa kliniki yako, maana mahitaji yatakuwa mengine.

Jumapili hii nunua dagaa, matango sita, nyanya ngumu zisizoiva sana ili zivumilie mpaka Alhamisi, karoti, machungwa, ndimu, ndizi za rangi mbili, zilizoiva za Jumatatu na Jumanne na za kijani za siku zinazofuata, makopo mawili madogo ya samaki, na oti. Osha tunda kwa siku yake tu na ulifute likauke, maana lililooshwa na kuwekwa na unyevu linaota ukungu. Vihifadhi kwenye kikapu cha ukindu mahali penye hewa, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Mkate nunua nusu, katikati ya wiki uongeze mwingine, kwa joto hili mkate mzima hautafika Jumamosi bila kuota ukungu.